Kinga Ikishuka: Nyumbani au Hospitalini, Chanjo au Dawa ya Kila Siku?

Kuna mama mmoja alifika wodini kwetu saa moja asubuhi, siku ya kumi tangu awekewe dripu yake ya pili ya dawa za saratani. Aliingia akitembea mwenyewe. Nilipomshika mkono kutafuta mshipa, vidole vilikuwa vya baridi kama vimetoka majini. Presha ilisoma 84 kwa 50.

"Mama, homa ilianza saa ngapi?"

"Jana saa tatu usiku, mwanangu. Ilikuwa 38 nukta 4. Nikameza panadoli mbili, ikashuka. Nikaona nisiwasumbue watu usiku."

Saa kumi zilikuwa zimeshapita. Panadoli ilishusha namba kwenye kipimajoto, lakini bakteria waliokuwa kwenye damu haikuwagusa hata mmoja. Alipona, namshukuru Mungu, ila alilazwa siku kumi na moja, tatu kati ya hizo akiwa chumba cha uangalizi maalumu.

Mimi ni muuguzi, na maamuzi kama lile la mama yule nayaona kila wiki. Watu wenye kinga dhaifu wanatakiwa kuchagua mambo mazito: kubaki nyumbani au kwenda, dawa fupi au ndefu, chanjo hii au ile, na mara nyingi hakuna aliyekaa nao akawawekea njia zote mezani. Hapa nataka kuziweka. Daktari wako ndiye anayejua vipimo vyako, kwa hiyo usibadilishe dawa kwa sababu ya maneno yangu. Nenda nayo kliniki ukaulize.

Kwanza ujue ni kinga ipi iliyopungua

Watu husema "kinga yangu iko chini" kana kwamba kinga ni maji ya kwenye tangi, yanapanda na kushuka yote kwa pamoja. Sivyo ilivyo. Mwili una walinzi wa aina nyingi, na akiondoka huyu wanaingia bakteria wa namna hii, akiondoka yule wanaingia wengine. Ndiyo maana jirani yako na wewe mnaweza wote kuambiwa mna kinga dhaifu, halafu dawa inayomfaa yeye isikufae wewe kabisa.

Anayetumia dawa za saratani mara nyingi hupungukiwa neutrofili, zile chembe nyeupe zinazokimbilia bakteria na kuwameza. Mtu mzima mwenye afya huwa na 1,500 hadi 8,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 500, hata bakteria wanaoishi tumboni mwake mwenyewe, kama Escherichia coli na Klebsiella, wanaweza kupenya utumbo ulioumizwa na dawa wakaingia kwenye damu. Pseudomonas aeruginosa naye huibuka hapo, na huyo anaua haraka. Stafilokoka wa kwenye ngozi huingia kwa kufuata mpira wa dripu.

Anayeishi na VVU hupungukiwa seli za CD4, chembe nyeupe zinazoongoza walinzi wengine. Adui wake mkubwa ni TB, na nyuma yake wako pneumokoka wanaoleta nimonia na salmonela wanaohamia kwenye damu. Anayetumia dawa za kutuliza kinga kwa ajili ya baridi yabisi au kiungo alichopandikizwa yuko karibu na kundi hili: TB iliyolala inaweza kuamka, na bakteria adimu kama Listeria na Nokadia hupata nafasi.

Asiye na bandama ana hali ya pekee. Bandama huchuja kutoka kwenye damu bakteria waliojivika ganda la sukari: pneumokoka, meningokoka, na Haemophilus influenzae aina ya b. Mwenye selimundu huhesabiwa humu hata kama hajafanyiwa upasuaji, maana bandama yake huharibika tangu utotoni.

Wenye kisukari nao kinga yao hulegea, hasa sukari ikiwa juu muda mrefu, na kwao uchaguzi mkubwa ni wa sukari yenyewe na uangalizi wa miguu. Hao wanastahili makala yao peke yake.

Homa baada ya dawa za saratani: vidonge nyumbani au dripu wodini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo saa moja tu inaweza kuwa kati ya kupona na kutopona.

Kiwango kinachotumika na wengi ni hiki: joto la mdomoni likifika 38.3 hata mara moja, au likibaki 38.0 na kuendelea kwa saa nzima, hiyo ni dharura. Hatari huwa kubwa zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, neutrofili zinapofika chini kabisa. Usipime joto njia ya haja kubwa, kwa sababu mchubuko mdogo tu pale unafungulia bakteria mlango.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mwili usio na neutrofili hautoi dalili tulizozizoea. Usaha ni neutrofili zilizokufa vitani. Zisipokuwepo, hakuna usaha. Nimewahi kufungua plasta ya mgonjwa nikakuta pale mpira unapoingia ngozini pana wekundu mdogo tu, upana wa punje ya mahindi, na haukuwa na uvimbe. Angekuwa mtu mwingine ningepita. Damu yake ilipooteshwa maabara, ilikuwa imejaa stafilokoka. Kwa hiyo homa mara nyingi ndiyo dalili pekee utakayopewa, na ukiizima kwa panadoli kabla hujapima umejifumba macho mwenyewe.

Sasa tuzilinganishe njia mbili.

Njia ya wodini ni antibiotiki ya mshipa yenye uwezo wa kumwua Pseudomonas, kwa mfano piperasilini na tazobaktamu, sefepimu au meropenemu. Lengo ni dozi ya kwanza iingie ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike. Damu huchukuliwa kwanza ili ioteshwe, lakini majibu hayasubiriwi. Faida ni kwamba presha ikiporomoka saa nane za usiku, yupo mtu wa kuiona. Hasara zipo pia na sitazificha: wodini kuna bakteria sugu wasiokuwepo nyumbani kwako, usingizi ni wa vipande vipande, na kulala kitandani siku nyingi kunamaliza nguvu.

Njia ya nyumbani ni vidonge, kwa kawaida siprofloksasini pamoja na amoksisilini yenye klavulaneti. Si kubahatisha, kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, matokeo yake hayana tofauti na ya aliyelazwa. Shida iko kwenye hayo maneno mawili, "aliyechaguliwa vizuri". Madaktari wana kipimo cha alama kiitwacho MASCC, chenye jumla ya alama 26. Kinaangalia kama presha iko sawa, kama mgonjwa amepungukiwa maji, kama ana ugonjwa sugu wa mapafu, aina ya saratani, dalili zimemlemea kiasi gani, kama homa ilimkuta akiwa nje ya hospitali, na kama umri uko chini ya miaka 60. Anayepata 21 na kuendelea yuko kwenye hatari ndogo. Hata hivyo haondoki papo hapo. Hupewa dozi ya kwanza akiwa hospitalini, huangaliwa angalau saa nne, na anatakiwa awe anaishi mahali ambapo anaweza kurudi ndani ya saa moja, awe na simu, na awe na mtu wa kukaa naye usiku na mchana. Kama alikuwa tayari anameza levofloksasini ya kujikinga, vidonge hivi havimfai, kwa sababu bakteria waliompenya wamekwisha kushinda dawa ya ukoo huohuo.

Maoni yangu? Mwenye alama za kutosha na nyumba yenye mtu wa kumwangalia, mwacheni akatibiwe nyumbani. Nimewaona wakipata nafuu haraka wakiwa kwenye vitanda vyao. Lakini uamuzi wa kubaki nyumbani unafanyiwa hospitalini, baada ya vipimo. Haufanywi chumbani saa tatu usiku ukiwa na kipimajoto mkononi. Hilo ndilo kosa la mama yule, na hakuwa amekosea kwa uzembe. Hakuna aliyemweleza kabla.

Tulimweleza. Baada ya dawa ya mzunguko wa tatu alipiga simu saa nane usiku, joto 38.3, sauti yake ikiwa bado na nguvu. Antibiotiki iliingia mshipani dakika thelathini na tano baada ya kuvuka mlango. Safari hiyo alilala siku nne.

Kumeza antibiotiki kabla ya homa kuja

Wengine huuliza: kwa nini tusimeze levofloksasini tangu mwanzo, homa isije kabisa? Jibu linategemea neutrofili zitakaa chini muda gani. Zikitarajiwa kuwa chini sana kwa zaidi ya siku saba, kama kwa wenye saratani ya damu inayotibiwa kwa dozi kali au waliopandikizwa uboho, miligramu 500 kwa siku hupunguza homa na maambukizi ya damu. Kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 977 wapya: waliomeza levofloksasini kwa wiki 12, asilimia 19 walipata homa au kufariki, dhidi ya asilimia 27 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa.

Kwa saratani nyingi za kawaida, kama ya titi au utumbo mpana, ambako neutrofili hushuka kwa siku chache, sioni sababu ya kuimeza kila mzunguko. Levofloksasini huweza kuumiza kano ya kisigino hadi ikatike, huvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, huua bakteria wema wa utumboni na kumpa nafasi Clostridioides difficile alete kuhara kubaya, na hufundisha bakteria usugu. Kwa wagonjwa hawa, kama hatari ni kubwa, sindano ya kuchochea uboho utoe neutrofili mara nyingi ndiyo ya kujadiliwa kwanza.

Tiba kinga ya TB: miezi sita, miezi minne, wiki kumi na mbili, au mwezi mmoja

Kwa anayeishi na VVU, au anayetaka kuanza dawa kali za kutuliza kinga kama infliximabu, huu ndio uchaguzi mkubwa kuliko yote. Bakteria wa TB wakiingia mapafuni, mwili wenye nguvu huwazungushia ukuta wa seli na kuwafungia humo miaka na miaka. Hawafi, wamelala tu, na tiba kinga ni dawa ya kuwaua kabla hawajaamka. Seli za CD4 na kemikali iitwayo TNF ndizo zinazoshikilia ukuta huo. VVU huondoa matofali, infliximabu huondoa saruji.

Kabla ya dozi ya kwanza lazima uhakikishwe huna TB inayoumwa. Kwa mwenye VVU huulizwa mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzito, na jasho la usiku. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, vipimo kwanza. Tiba kinga ina dawa moja au mbili; ukiwapa bakteria wengi walio macho, unawakomaza wawe sugu. Tafadhali usifiche kikohozi ili uanzishiwe haraka.

Isoniazidi peke yake ndiyo njia ya zamani, kidonge kimoja cha miligramu 300 kila siku kwa miezi sita au tisa, pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi za miguu na mikono. Uzuri wake ni kwamba haigombani na ARV yoyote, wala haishushi nguvu za dawa za waliopandikizwa figo. Tena ushahidi wake ni mzito: katika utafiti wa TEMPRANO uliofanyika Kodivaa kwa watu 2,056 wenye VVU, miezi sita ya isoniazidi ilipunguza vifo kwa asilimia 37, hata miongoni mwa waliokwisha anza ARV. Ubaya wake ni urefu. Mtu asiyeumwa kitu kumeza kidonge kila asubuhi kwa siku 180 ni kazi. Mwezi wa tatu wengi wanachoka. Na ini linaweza kuumia, hasa kwa mnywaji wa pombe.

Wiki kumi na mbili, inayojulikana kama 3HP, ni isoniazidi pamoja na rifapentini, mara moja kwa wiki. Kukiwa na vidonge vilivyochanganywa, mtu mzima humeza vitatu kwa mara moja, yaani 36 kwa matibabu yote. Vikiwa havijachanganywa ni tisa kwa mkupuo, na hapo ndipo nimewaona watu wakikitazama kile kirundo kiganjani na kuguna. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, asilimia 82 ya waliopewa 3HP walimaliza, dhidi ya asilimia 69 ya waliopewa isoniazidi ya miezi tisa, na kinga haikuwa pungufu. Baadhi hupata kitu kama mafua makali saa chache baada ya kumeza: mwili kuuma, homa, kizunguzungu. Mara nyingi hupita, lakini toa taarifa kabla ya dozi inayofuata.

Mwezi mmoja, au 1HP, ni dawa hizohizo kila siku kwa siku 28. Kwa wenye VVU, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na watu 3,000 ulionyesha asilimia 97 walimaliza, dhidi ya 90 wa miezi tisa, na TB haikuwapata zaidi. Ni mwezi mzito lakini unaisha upesi.

Miezi minne ya rifampisini kila siku huumiza ini kwa nadra kuliko isoniazidi. Naipenda kwa asiye na VVU anayejiandaa kuanza dawa za baridi yabisi na ini lake linatia wasiwasi.

Basi uchague ipi? Dawa unazotumia sasa ndizo zitakazoamua kabla hata ya muda. Rifapentini na rifampisini huliamsha ini liharibu dawa nyingine kwa kasi. Kama unatumia ARV za kundi la atazanaviri au lopinaviri, njia hizi fupi zimefungwa kwako, isoniazidi inabaki. Kama unatumia dolutegraviri na virusi vimeshashuka, 3HP ya mtu mzima haihitaji kubadilisha dozi, lakini rifampisini ya kila siku inakutaka umeze dolutegraviri mara mbili. Kama una figo ya kupandikizwa na unatumia takrolimusi, rifampisini inaweza kushusha dawa hiyo hadi mwili uikatae figo. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au kipandikizi, hesabu kwamba havikulindi tena vizuri, utafute njia nyingine kwa muda huo. Mjamzito kwa kawaida hapewi 3HP wala 1HP.

Na kama aliyekuambukiza ana TB sugu, hakuna kati ya hizi inayokufaa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza levofloksasini kwa miezi sita kwa waliokaribiana na mgonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo sema wazi uliishi na nani.

Ukishapita vizingiti hivyo, mimi huwaambia wagonjwa wangu wachague ile watakayoimaliza. Mwenye kumeza ARV kila siku bila kukosa, mwezi mmoja wa kila siku unamkaa vizuri. Mwenye kazi ya kusafiri, mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Na yeyote atakayetumia rifapentini au rifampisini aambiwe mapema kwamba mkojo, jasho na machozi vitageuka rangi ya chungwa. Kijana mmoja alikuja mbio kliniki siku ya pili akidhani anakojoa damu. Alikuwa ameacha dawa. Sentensi moja siku ya kwanza ingemtosha.

Bila bandama: chanjo, penisilini, au akiba ya dharura?

Swali hili huulizwa kana kwamba inachaguliwa moja. Kwa mtoto mwenye selimundu na kwa mtu aliyetolewa bandama, kila moja inaziba pengo la mwenzake, ila uzito wake hubadilika na umri.

Maambukizi makali kwa asiye na bandama hukimbia mno. Asubuhi mtu ana homa na kutetemeka, jioni yuko mahututi, na hata akitibiwa uwezekano wa kufa unakaribia nusu kwa nusu.

Chanjo hufanya kazi bila kukumbukwa kila siku, na hapo ndipo nguvu yake. Ikiwezekana itolewe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Kama upasuaji ulikuwa wa ghafla, wiki mbili baadaye. Zinahitajika za pneumokoka, meningokoka na Haemophilus. Lakini pneumokoka wana aina zaidi ya 100, na chanjo hushika baadhi tu.

Penisilini ya kila siku mara mbili ina ushahidi wa pekee kwa watoto. Mwaka 1986 nchini Marekani, utafiti wa watoto 215 wenye selimundu walio chini ya miaka mitatu ulisimamishwa miezi minane kabla ya wakati wake, kwa sababu penisilini ilikuwa imepunguza maambukizi ya pneumokoka kwa asilimia 84. Haikuonekana haki kuendelea kuwapa wengine kidonge kitupu. Kwa mtoto wa umri huo, sioni hoja ya kuiacha. Akishafikisha umri wa miaka mitano, kama chanjo zimekamilika na hajawahi kupata maambukizi makali ya pneumokoka wala kutolewa bandama, wengi huweza kuacha. Kwa mtu mzima mazungumzo ni marefu zaidi: miaka ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo ya hatari zaidi, na kumeza kidonge mara mbili kwa siku maisha yote wachache wanaweza.

Akiba ya dharura ni antibiotiki, mara nyingi amoksisilini, unayokaa nayo nyumbani na safarini. Homa ikija, unameza dozi ya kwanza kisha unaondoka kwenda hospitali, dawa ikiwa tumboni tayari. Ona tofauti na mama wa mwanzo: mgonjwa wa saratani aliyepungukiwa neutrofili hatakiwi kujianzishia chochote, bali apige simu na aje; asiye na bandama anatakiwa ameze kwanza halafu aje. Homa ni ileile, lakini amri ni mbili tofauti. Ndiyo maana nasisitiza ujue ni mlinzi gani aliyeondoka.

Akiumwa na mbwa, hata mkwaruzo tu, asiye na bandama asingoje homa. Mate ya mbwa yana bakteria aitwaye Capnocytophaga canimorsus, ambaye kwa wengine hana madhara makubwa, kwake anaweza kuua.

Chanjo ya pneumokoka: zipo mbili, hazilingani

Moja ina sukari tupu ya ganda la bakteria, ile ya aina 23. Nyingine imeunganisha sukari hiyo na protini, nayo sasa ipo hadi ya aina 21. Ukitazama namba tu utadhani 23 ni bora. Lakini sukari tupu haiamshi seli zinazoweka kumbukumbu, na kwa kinga iliyochoka tofauti hiyo ni kubwa. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 haukuona faida ya chanjo ya sukari tupu kwa watu wazima wenye VVU, na nimonia ilionekana zaidi kwa waliochanjwa. Miaka kumi baadaye, nchini Malawi, chanjo yenye protini, tena ya aina saba tu, ilizuia kurudi kwa maambukizi makali ya aina zilizomo kwa asilimia 74 miongoni mwa watu waliokuwa wameshayapata, wengi wao wakiwa na VVU.

Kwa hiyo yenye protini iwe ya kwanza. Ukipata ya aina 20 au 21, inatosha peke yake. Ukipata ya aina 15, ile ya 23 hufuata, na kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kutolewa wiki nane baadaye. Muda nao una maana: chanja kabla ya dawa za saratani au rituksimabu (dawa nyingine ya kutuliza kinga) kuanza, kwa sababu baada ya rituksimabu mwili hautengenezi kingamwili vizuri kwa miezi sita hivi.

Homa ya matumbo nayo ina chanjo ya kumeza yenye bakteria hai waliodhoofishwa, na ya sindano isiyo na hai. Mwenye kinga dhaifu achague sindano bila kusita. BCG, chanjo ya TB, ni hai pia, haimfai.

Septrini, na jokofu

Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita septrini, ni ya bei nafuu na ya kale, na kwa mwenye VVU mwenye CD4 chache hakuna kidonge kimoja kinachofanya kazi nyingi kama hiki. Kinazuia nimonia ya kuvu, kimelea cha toksoplasma kinachoshambulia ubongo, na bakteria kadhaa kwa pamoja. Aliyepandikizwa figo hupata kinga ya ziada dhidi ya Nokadia na Listeria. Ukipata vipele vyenye malengelenge au vidonda mdomoni, acha na urudi siku hiyohiyo. Kuacha kwa sababu unajisikia vizuri ni jambo lingine. Hilo liamuliwe kwa kuangalia CD4, virusi, na maambukizi yaliyopo mahali unapoishi.

Listeria ana tabia moja ninayoirudia kwa kila mgonjwa: baridi ya jokofu haimzuii kuongezeka. Maziwa yasiyochemshwa au nyama iliyopikwa ikakaa siku nyingi kwenye jokofu, kwa mwenye CD4 chache au anayetumia dawa za waliopandikizwa kiungo, ni bora yapashwe moto hadi yafuke mvuke, au yaachwe. Na mgonjwa kama huyo akipelekwa hospitali akiwa na maumivu makali ya kichwa, homa na shingo ngumu, anayempeleka ataje mapema kwamba anatumia dawa za kushusha kinga, kwa sababu sindano za kundi la seftriaksoni zinazotolewa kwa homa ya uti wa mgongo hazimwui Listeria. Ampisilini inatakiwa iongezwe, na daktari wa zamu hawezi kujua hilo bila kuambiwa.